Mjukuu wangu ana damu ya Neandertali: ni mtu kamili?

Swali hili limetoka kwa mama mmoja wa Tukuyu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimelifupisha kidogo:

"Binti yangu ni muuguzi Ujerumani na ameolewa na Mjerumani. Wana mtoto wa kiume wa miaka tisa. Mwaka huu baba wa mtoto alipeleka mate yake maabara kupimwa asili, majibu yakasema ana asilimia mbili ya Neandertali. Sasa mtoto ananitambia kwenye simu kwamba na yeye ni Neandertali. Nilipolisimulia kanisani, mama mmoja akasema hao walikuwa nusu nyani. Kijana mmoja wa kwaya akadakia kwamba Waafrika ndio binadamu halisi, wenzetu wamechanganyika na wanyama. Nimekosa usingizi. Huyo Neandertali ni mtu au ni mnyama? Sisi huku Rungwe tunayo hiyo damu au hatuna? Na mjukuu wangu akija Desemba nimwambie nini? Ndaga fijo."

Shikamoo mama, na pole kwa usingizi. Kazi yangu ni akiolojia, na miaka mingi nimeshughulika na zana za mawe za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Naanza na lile linalokuumiza. Neandertali alikuwa mtu. Mjukuu wako ana damu ya watu upande wa baba na damu ya watu upande wa mama, na wala hakuna asilimia iliyobaki pembeni ya kukutia hofu.

Ndiyo maana kuanzia hapa nitaandika Waneandertali, kama tunavyosema Wanyakyusa, Wasafwa au Wahehe. Wataalamu bado wanavutana: wengine wanawapa spishi yao peke yao, Homo neanderthalensis, wengine wanawahesabu kama tawi la spishi yetu. Wavutane. Watu waliozaa na mababu wa mkwe wako, na watoto wao wakalelewa, wakakua, wakazaa wengine, mimi sina jina jingine la kuwapa.

Jina lao limetokana na bonde la Neander karibu na mji wa Düsseldorf, huko huko Ujerumani aliko binti yako. Mwaka 1856 wachimba chokaa walikuwa wakisafisha pango, wakatoa mifupa wakidhani ni ya dubu. Aliyeitazama akatambua kwamba ni ya mtu, tena mtu wa umbo lisilozoeleka, alikuwa mwalimu wa shule, Johann Carl Fuhlrott. Naipenda sana habari hiyo, na nadhani wewe mwalimu mwenzake utaipenda zaidi.

Sasa ile "nusu nyani" ya kanisani ina asili yake, na ni vizuri uijue ili ukiisikia tena uwe na la kujibu. Mwaka 1908, mahali paitwapo La Chapelle-aux-Saints, Ufaransa, yalipatikana mabaki ya mzee wa Kineandertali, karibu mwili mzima. Msomi mkubwa wa Paris, Marcellin Boule, akayaandikia maelezo marefu: mtu aliyeinama, magoti yamekunjika, kichwa kimetokeza mbele, akili finyu. Wachoraji wakachora kiumbe mwenye manyoya na rungu mkononi, na picha hiyo ikazunguka dunia. Hata vitabu tulivyosomea sisi vilikuwa nayo. Mwaka 1957 wataalamu wawili, William Straus na A. J. E. Cave, waliipima upya mifupa ile. Wakakuta mzee yule alikuwa na ugonjwa wa viungo uliokuwa umemla uti wa mgongo. Mneandertali mzima alisimama wima kama wewe na mimi. Ni sawa na mgeni aje Busokelo, amkute babu mmoja anayetembelea mkongojo, kisha aende kwao kuandika kwamba Wanyakyusa wote hutembea wameinama.

Kuna jambo Boule alilipita haraka ambalo mimi limenikaa moyoni. Mzee yule alikuwa amepoteza meno yake mengi muda mrefu kabla ya kufa. Taya zilikuwa zimeshapona. Aliishije kwenye nchi ya baridi, ambako chakula kilikuwa nyama ya kuwinda? Huko Iraki, kwenye pango la Shanidar, alipatikana mwingine ambaye hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa amepigwa usoni akiwa kijana, na inaelekea jicho moja halikuona tena. Mkono wa kulia ulinyauka na sehemu ya chini ilikatika. Alichechemea. Masikio yalizibwa na mfupa ulioota ndani, hata kusikia kukawa shida. Na bado aliishi miaka mingi baada ya majeraha hayo, akafikia utu uzima ambao kwa zama zile ulikuwa uzee. Mtu wa namna hiyo haishi mwezi mmoja porini pasipo wa kumletea chakula, kumngoja njiani na kumlinda usiku. Hao ndio wanaoitwa nusu nyani.

Kwa umbo walikuwa wafupi kidogo, wenye vifua vipana na mifupa minene, pua kubwa, na ukingo mzito wa mfupa juu ya macho. Bongo zao zilikuwa kubwa sawa na zetu, wengine kutuzidi. Walitengeneza mikuki ya mbao, waliwasha moto, na waliunguza maganda ya miti kupata gundi nyeusi ya kushikiza jiwe kwenye mpini, kazi inayotaka uvumilivu na kupanga mambo kabla. Ndani kabisa ya pango la Bruniquel, Ufaransa, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki, walivunja nguzo za chokaa zinazoota mapangoni wakazipanga kwa duara, miaka kama 176,000 iliyopita. Walifanya hivyo kwa sababu gani? Mimi nikiitazama picha ya duara lile nanyamaza tu.

Twende kwenye hiyo asilimia mbili, maana hapo ndipo wengi hupotea. Asilimia mbili ya nini? Vinasaba ni kama maandishi marefu ya herufi karibu bilioni 3. Herufi zako, zangu, za mkwe wako na za Mneandertali aliyekufa miaka 50,000 iliyopita zinafanana karibu zote. Tofauti hazifiki tatu kwa kila herufi elfu moja. Kwa hiyo aliyeambiwa ana asilimia mbili hakuambiwa kwamba anafanana na Neandertali kwa asilimia mbili. Anafanana naye kwa zaidi ya tisini na tisa, kama wewe. Ameambiwa kwamba vipande fulani vya maandishi yake vilipitia kwa bibi au babu wa Kineandertali.

Vinatambulikaje, ikiwa yote yanafanana? Chukua daftari la nyimbo za kwaya, yale tuliyokuwa tukinakili kwa mkono. Ushirika wa Tukuyu una lake, ushirika wa Kyela una lake, na yote mawili yalinakiliwa zamani kutoka daftari moja. Kila anayenakili hukosea kidogo: huku "ee" imeongezwa, kule neno limerukwa, na anayefuata hunakili pamoja na kosa. Miaka ikipita, makosa ya Tukuyu yanakuwa ya Tukuyu na ya Kyela yanakuwa ya Kyela. Siku ukifungua daftari la Tukuyu ukakuta kurasa tatu mfululizo zenye makosa ya Kyela, hutahitaji kuuliza. Kuna mtu alishuka Kyela akapanda na kurasa hizo.

Daftari la Waneandertali ndilo lililokuwa halipo. Aliyehangaika nalo ni Svante Pääbo, Mswidi anayefanya kazi Leipzig, Ujerumani. Mwaka 1997 yeye na wenzake walipata kipande kidogo kutoka mfupa wa yule yule wa bonde la Neander, na mwaka 2010 wakatoa nakala ya kwanza ya sehemu kubwa ya maandishi, kwa unga wa mifupa kutoka pango la Vindija, Kroatia. Mifupa ya kale ni migumu kusoma: vinasaba vimekatika vipande vidogo, vimeoza, na vimejaa vya bakteria na vya watu walioishika kwa mikono mitupu. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2022. Mwaka ule wa 2010 walilinganisha nakala yao na ya watu watano wa leo: Mfaransa, Mchina wa Kihan, Mpapua, Myoruba na Msan. Watatu wa kwanza walikutwa na kurasa za Kineandertali. Wawili wa Afrika hawakuonekana nazo. Kumbuka neno hilo, "hawakuonekana", nitalirudia.

Kila mtoto huchukua nusu ya baba na nusu ya mama. Baba akiwa na mbili, mjukuu wako ana moja hivi, na kachembe kengine kutoka kwa mama yake nitakakokueleza. Tena watu hawabebi kurasa zile zile. Mkwe wako ana hizi, jirani yake ana zile, na ukikusanya vipande vya watu mamia unapata angalau sehemu ya tano ya daftari lote la Waneandertali, ingali hai ndani ya miili ya watu wanaopanda mabasi na kwenda sokoni.

Na urefu wa vipande ni saa. Mtoto wa kwanza wa mchanganyiko huwa na daftari zima la Kineandertali upande mmoja. Akizaa, kurasa zinakatwa na kuchanganywa. Wajukuu wakizaa, zinakatwa tena. Kadiri vizazi vinavyopita vipande vinakuwa vifupi. Huko Siberia, mahali paitwapo Ust'-Ishim, ulipatikana mfupa wa paja wa mwanamume aliyeishi miaka 45,000 iliyopita, na vipande vyake vilikuwa virefu kuliko vyetu vya leo. Kwenye pango la Oase, Romania, lilipatikana taya la kijana mmoja wa miaka kama 40,000 iliyopita lenye vipande virefu mno, asilimia 6 mpaka 9. Babu au bibi yake wa Kineandertali alikuwa vizazi vinne mpaka sita tu nyuma yake. Vizazi vinne, mama! Huenda kwao bado walikuwa wakilitaja jina lake. Utafiti wa mwaka 2024 umeweka kuchanganyika kwenyewe, kwa sehemu kubwa, kati ya miaka 50,500 na 43,500 iliyopita.

Lakini mtu ninayetaka umjue kuliko wote ni binti mmoja. Kwenye pango la Denisova, katika milima ya Altai huko Siberia, kilipatikana kipande cha mfupa kisichofika urefu wa kidole gumba. Vinasaba vyake vilichapishwa mwaka 2018. Alikuwa msichana wa miaka 13 au zaidi, aliishi miaka kama 90,000 iliyopita, na watafiti wamempa jina Denny. Mama yake alikuwa Mneandertali. Baba yake alikuwa Mdenisova, jamii nyingine ya kale tuliyoijua kwa mara ya kwanza mwaka 2010 kutoka pango hilo hilo. Si kwamba alikuwa na mababu wa pande mbili huko nyuma sana: mama wa huku na baba wa kule, mtoto wa tumbo la kwanza la mchanganyiko. Kwa neno la mitaani kwetu, chotara. Baba huyo naye alikuwa na Waneandertali katika ukoo wake wa zamani zaidi, kwa hiyo halikuwa jambo la mara moja. Nikisoma habari za Denny huwa najiuliza aliongea lugha ya nani, ya mama au ya baba. Sasa nimesoma barua yako, nadhani yupo mtoto wa miaka tisa ambaye swali hilo atalielewa haraka kuliko mimi.

Kuna jingine la kukufurahisha. Kwenye pango la Chagyrskaya, milima hiyo hiyo, na pango jirani, walisomwa Waneandertali 13 kwa pamoja. Matokeo yakatoka mwaka 2022. Miongoni mwao walikuwamo baba na binti yake aliyekuwa kwenye ujana. Vinasaba vinavyopita kwa akina mama vilikuwa vya aina nyingi kuliko vinavyopita kwa akina baba. Maana yake ni rahisi kwa mtu wa kwetu: wanaume walibaki nyumbani, na zaidi ya nusu ya wanawake walikuwa wametoka vikundi vingine. Mabinti walikuwa wanaolewa mbali. Binti yako hajafanya jambo geni.

Sasa kijana wa kwaya na Uafrika wake halisi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili linanihusu.

Ni kweli kwamba Waafrika tuna kidogo sana, na sababu yake ni jiografia. Mababu wa Waneandertali waliachana na mababu zetu zaidi ya miaka 500,000 iliyopita. Wao wakaishi Ulaya na Asia ya magharibi, mpaka huko Siberia. Mifupa yao haijapatikana Afrika hata mara moja. Mababu zetu walikuwa huku. Baadhi walipotoka Afrika wakawakuta wenzao huko, wakazaa nao. Waliobaki nyumbani hawakukutana na mtu wa kuzaa naye. Ndiyo habari yote. Hakuna aliyekataa na hakuna aliyejitunza.

Na ile "hawakuonekana" ya mwaka 2010 ilitokana na kipimo chenyewe: kilikuwa kinawafanya Waafrika kuwa mzani, yaani watu wanaodhaniwa hawana kabisa, kisha kinawalinganisha wengine nao. Mwaka 2020 kikundi cha Joshua Akey wa Princeton kilitumia njia isiyotegemea mzani huo, kikakuta Waafrika nao wana vipande, kama asilimia 0.3. Miongoni mwa waliopimwa walikuwamo Waluhya wa Webuye, Kenya, Wabantu wenzenu. Sehemu ya vipande hivyo ililetwa na watu waliorudi Afrika kutoka Asia na Ulaya. Hapa Tanzania tunao ushahidi wa msafara mmoja wa namna hiyo: huko Luxmanda, mkoa wa Manyara, alizikwa mtu wa jamii ya wafugaji miaka kama 3,100 iliyopita ambaye zaidi ya theluthi moja ya ukoo wake ilihusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati. Watu wale walipokuja huku na ng'ombe na mbuzi zao, walibeba pia kurasa chache za Kineandertali pasipo kujua. Sehemu nyingine ni kinyume chake: mababu zetu wa Kiafrika walitoka mapema, zaidi ya miaka 200,000 iliyopita, wakazaa na Waneandertali, na kurasa zetu zikabaki kwao. Mwaka 2024 ilikadiriwa kwamba Waneandertali walikuwa na asilimia 2.5 mpaka 3.7 ya ukoo wa aina yetu. Hata kromosomu Y, ile ipitayo kutoka baba kwenda kwa mwana wa kiume, kwa Waneandertali wa miaka ya mwisho ilikuwa imetokana na upande wetu. Wao nao wangeweza kukaa pangoni wakabishana kuhusu asilimia zao za Kiafrika.

Kwa hiyo jibu lako la Rungwe ni hili: tunazo, chembe chache, za kutosha kumfanya bibi na mjukuu wawe na babu mmoja wa mbali pale ambapo hukumtegemea.

Neno "halisi" lina historia, mama, na historia hiyo ilipita Iringa. Karne ya kumi na tisa wasomi wa Ulaya walikuwa wakikusanya mafuvu ya watu wa dunia nzima, wakiyapima ili kupanga nani wa juu na nani wa chini. Waneandertali waliwekwa karibu na nyani, na Waafrika tukawekwa ngazi inayofuata. Mwaka 1898, Mtwa Mkwawa alipojiua asikamatwe, Wajerumani walichukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles uliomaliza vita ya kwanza ya dunia uliagiza fuvu lirudishwe. Lililorudishwa lilifika Kalenga mwaka 1954 tu, na Gavana Twining alikuwa amelichagua kwenye makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Ukivuka Tunduma ukashuka mpaka Kabwe, Zambia, unafika mahali ambapo mwaka 1921 wachimba madini walikuta fuvu la mtu wa kale, ambalo sasa limekadiriwa kuwa na miaka kama 299,000. Lilipelekwa London, na Zambia imelidai kwa miaka mingi. Kijana wako wa kwaya ameichukua ngazi ile ile, ameigeuza chini juu, na kutuweka sisi kileleni. Najua kwa nini inamvutia. Tumetukanwa vya kutosha. Lakini ngazi ni ile ile, na safari hii anayewekwa chini ni mjukuu wako. Mwambie hivyo kwa upole.

Halafu usafi wenyewe haupo. Hata ndani ya Afrika vinasaba vinaonyesha jamii nyingi za kale zilizoachana, zikakaa mbali kwa muda mrefu, zikakutana na kuzaana tena. Mwaka 2022 vilichapishwa vinasaba vya watu wa kale kutoka Tanzania, Malawi na Zambia, mmoja wao kutoka Mlambalasi, Iringa, aliyeishi miaka karibu 18,000 iliyopita. Vilionyesha kwamba wawindaji wa zama zile walikuwa wazao wa makundi matatu tofauti yaliyokwisha kuchanganyika. Mlambalasi ndiko alikozikwa Mkwawa pasipo kichwa chake. Nimesimama pale mara nyingi, na sijawahi kuona pahali penye sababu ndogo ya kujisifia usafi wa damu.

Kuhusu afya ya mtoto usihangaike. Vipande hivi huleta mema na mabaya madogo madogo, na wengi hawana dalili yoyote. Kimoja, kwenye kromosomu ya 3, kiliongeza hatari ya kuumwa sana Uviko. Kimeenea zaidi Asia ya kusini, na kwa Waafrika ni nadra mno. Kingine, kwenye kromosomu ya 12, kilipunguza hatari hiyo. Kipo pia kinachobebwa na karibu mwanamke mmoja kati ya watatu huko Ulaya, na wenye nacho hupata mimba kuharibika mara chache zaidi. Usiruhusu mtu akuambie tabia ya mtoto imetokana na Neandertali. Akikataa kula ugali wa ulezi, hiyo ni miaka tisa.

Waliisha miaka kama 40,000 iliyopita. Walikuwa wachache, wametawanyika kwenye vikundi vya watu kumi mpaka ishirini, na baadhi walizaana na ndugu wa karibu. Sisi tulipoingia kwa wingi, nafasi yao ikazidi kuwa ndogo. Baadhi yao walimezwa na koo zetu, ndiyo maana tunazungumza habari zao leo.

Desemba mwambie mjukuu wako kwamba anayoyasema ni kweli, isipokuwa moja: baba yake si peke yake. Na kama afya inakuruhusu, mlete Isimila. Mkipanda basi la Iringa kutoka Mbeya, mwambie kondakta awashushe Isimila, kilomita kama 20 kabla ya kuingia mjini. Kuna kijumba cha makumbusho, na bondeni kuna nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua ambazo watoto wote huzipenda. Lakini msishuke kwenye nguzo kwanza. Pale korongoni kuna mashoka ya mawe yaliyochongwa pande zote mbili na watu walioishi hapo kando ya maji miaka kama 260,000 iliyopita, wakati Waneandertali wa mwanzo wakiishi Ulaya. Mengine ni mazito hata mtu mzima hujiuliza aliyashika nani. Mwambie achuchumae ayatazame vizuri, jinsi kila pigo la mchongaji lilivyoacha kovu lake, kisha umwoneshe kwenye simu picha ya mashoka ya Waneandertali umwulize anaona tofauti gani. Vaeni viatu visivyoteleza; mvua za Desemba hulifanya lile korongo kuwa la utelezi.